Mdomo wa Mbuzi

Kabla ya kamba, kabla ya taa, chaki.
Nimeandika mlangoni kwa Mize, ubao wa kushoto:
"Mwatima, Usi, Zume. Tumeingia saa tatu.
Tusipoonekana saa saba, muite Vuai na kamba ndefu."
Mize akacheka. "Mnakwenda harusini au vitani?"
Nakwenda, nikamwambia, pale pale alipotumbukia mbuzi wako.
Hakucheka tena.

Njia ya maweni haina huruma na ndala.
Huku Mtende jiwe lina meno,
udongo tunauokota kwenye nyufa, konzi kwa konzi.
Usi kavaa viatu vya mpira vya kaka yake,
Zume helmeti ya bodaboda, yenye kibandiko cha simba,
mimi gambuti za marehemu mume wangu,
nimezishindilia matambara vidoleni.
Watu watatu, taa sita:
moja mkononi, moja mfukoni,
na sharti moja, nililowarudishia mara mbili njiani:
yoyote ikizima, sote tunageuka.

Jana usiku nilihesabu mwezi. Siku ya saba, maji mafu.
Siku za bamvua hatuji,
maana bahari ina mlango wa nyuma humu
na haipigi hodi.

Sisi tunapiga.
Bibi alipiga hodi kwa adabu ya waliomo.
Mimi napiga, kisha nahesabu hadi mia,
macho yazoee, masikio yasikie
kama kuna nyuki, kama kuna jiwe lililolegea.
Huenda na bibi alikuwa akihesabu.

Ndani, baridi ya mtungi.
Tone linaanguka, linafikiri, linaanguka.
"Usiguse," namwambia Zume, mkono ushafika njiani.
"Jino hilo lilianza kuota
kabla mnazi wa kwanza haujapandwa pwani hii,
na jasho la kiganja chako latosha kulidumaza."
Popo wamelala dari nzima.
Taa chini, sauti chini:
hao ndio wenyeji, tena wa zamu ya usiku.

Kwenye ngazi ya jiwe, tulipokuwa tukipumzisha ndoo
zamani, bomba halijaja,
Usi akamulika ukuta.
Herufi za mkaa, kubwa, zimeinamia kulia:
MWATIMA DARASA LA SABA.

"Shangazi. Nani huyu?"

Ningeweza kusema kina Mwatima wako wengi kusini hii.
Tone likaanguka.
"Mtoto," nikasema. "Alikuja peke yake, na kibatari,
bila kumuaga mtu.
Akastaajabu kujiona mzima, akataka ajulikane."
Nikasugua kwa kidole. Hautoki.
Miaka thelathini na minne chokaa imeupaka utando,
kama kioo juu ya picha.
Aibu yangu, pango limeitilia fremu.

Ndipo taa ya Zume ikapepesa, ikafa.
Maji yalikuwa hatua kumi na tano mbele.
Tuliyasikia yalivyonyamaza.
"Shangazi, si bado zipo tano?"
Zipo tano. Ndiyo maana tunageuka sasa.
Penye tano mtu huchagua,
penye moja huchaguliwa.
Usi alinuna hadi mwangani.
Nilimwacha anune; kununa hakuvunji mguu.
Nilimkumbusha tu, kila tulipopanda:
mikono miwili na mguu, au miguu miwili na mkono,
vitatu jiweni daima, kimoja ndicho kitafute.

Saa sita na robo tukafika kwa Mize.
Amekaa kizingitini na ungo mapajani,
mchele haujachaguliwa hata punje.
Vuai kando yake, kamba begani,
anajidai alikuwa akipita.

Sikusema kitu.
Nikalowesha kiganja, nikafuta mlangoni saa,
nikafuta Zume, nikafuta Usi,
mwisho nikafuta jina langu.
Hili lilikubali.